Tufume Alama za Maji, Tusifume Samaki

Ndugu mwenyekiti, mafundi wenzangu, kina mama na kina dada, na nyinyi kina baba watatu mliokaa karibu na mlango kana kwamba mtatoroka: wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo.

Nimeombwa niseme juu ya kufuma shali la lesi linalotokana na ufuo wa bahari. Mashali ya aina hiyo nimefuma mawili. La pili nimelileta, limo humu kapuni, mtaliona. La kwanza halipo tena, na ndilo nitakaloanza nalo.

Siku zile niliamini kwamba ukitaka kufuma bahari unaweka vitu vya bahari. Nikatafuta uzi wa rangi tano: samawati, kijani, zambarau, nyeupe na rangi ya mchanga, zinapokezana kila baada ya shubiri moja. Ukiwa bado haujafumwa, ule uzi ulikuwa mzuri mno. Nilikuwa nautoa kabatini kuutazama tu. Nikakaa na karatasi ya miraba nikachora samaki, kiti cha pweza, kombe, nanga, hata mashua yenye tanga. Nikafuma miezi mitatu. Nilipolitandaza kitandani, samaki hakuonekana, nanga haikuonekana, mashua ndiyo kabisa. Palikuwa na madoa ya rangi yanayofukuzana, na humo ndani vijitundu vya hapa na pale kama nguo iliyoliwa na nondo. Binti yangu akasimama mlangoni, akaangalia, akauliza kwa adabu zake zote: "Mama, hii ni ramani ya wapi?"

Nilicheka naye. Alipoondoka nikakaa kimya kidogo.

Kosa la kwanza lilikuwa la rangi, na hilo ni jepesi kulieleza. Jicho halifuati mambo mawili kwa nguvu ileile. Ukilipa rangi zinazobadilika litafuata rangi, na tundu ulilolihangaikia litamezwa. Lesi yote inategemea tofauti kati ya uzi na nafasi, kwa hiyo uzi wenyewe unatakiwa utulie: rangi moja, au rangi inayofifia polepole sana toka mwanzo hadi mwisho wa shali. Ule uzi wangu wa rangi tano ungefaa soksi. Soksi zingependeza sana.

Kosa la pili lilinichukua muda mrefu kulitambua. Nguo nyingine hutengenezwa kwa uzi. Lesi hutengenezwa kwa nafasi iliyozungushiwa uzi. Ukitaka kumchora samaki kwa matundu, inabidi umpe umbo, jicho, mkia, na kila kimoja kinadai vitanzi vyake, na mwisho wa yote mtu aliye hatua tatu mbele yako anaona kiraka. Lakini mstari unaopinda, unaorudi, unaopinda tena, huo lesi inautoa bila kuombwa. Kwa maneno mengine, nilikuwa nadai picha kwa kitu ambacho kazi yake ni mwendo.

Nikarudi ufuoni maji yakiwa yamekupwa. Sikwenda kutafuta nakshi, nilikwenda kutembea tu. Bahari ilikuwa imesogea mbali, imekuwa ukanda mwembamba kule. Pale nilipokuwa nimesimama ilikuwa imeacha maandishi yake: matuta madogo ya mchanga yaliyopangana kama mbavu, mstari wa povu lililokauka, utepe wa mwani pale maji yalipokomea wakati wa kujaa, vijishimo vya kaa, na kombe moja lililolala kifudifudi, nyuma yake maji yamechimba alama ya mkia kwa kulizunguka. Sikuona samaki hata mmoja. Lakini mtu yeyote angeonyeshwa picha ya ule mchanga peke yake, bila maji, angesema: hapa ni baharini.

Hilo ndilo neno langu la leo, na mengine yote nitakayoyasema ni namna ya kulitenda. Tufume kile ambacho maji yameacha.

Wala si wazo langu. Wafumaji wa Shetland walilijua kabla bibi yangu hajazaliwa. Shetland ni visiwa vilivyo kaskazini ya Scotland, baridi na upepo mwaka mzima, na kisiwa cha Unst, cha mwisho kabisa kule juu chenye wakazi, ndicho kilichosifika kwa lesi nyembamba kupita zote. Katikati ya karne ya 19 kazi za wanawake wale zilikuwa tayari zimepata jina mbali na kwao. Walichukua sufu laini ya shingoni mwa kondoo, wakainyofoa kwa mkono badala ya kuikata, wakaisokota uzi mwembamba ajabu, kisha wakafuma shali la mraba linaloweza kumfunika mtu mzima mabegani, na shali hilohilo ukalipenyeza lote kwenye pete ya kidoleni. Ndiyo maana yanaitwa mashali ya pete ya ndoa. Watu wakisikia habari hiyo hudhani ni chumvi tu za wasimulizi. Hesabuni uzito: shali likiwa zaidi ni matundu kuliko uzi, la kuzuia pete hakuna.

Sasa sikilizeni majina ya nakshi zao. Ipo moja inayoitwa Print o' the Wave, yaani alama ya wimbi. Hawakuiita wimbi. Waliiita alama yake, ile chapa inayobaki mchangani. Mfumaji aliyeipa jina hilo alikuwa amesimama mahali nilipokuwa nimesimama mimi, maji yamekupwa, ila yeye hakuhitaji miezi mitatu ya uzi wa rangi tano ili aelewe.

Nyingine ni Old Shale, na wengi husema neno hilo ni matamshi ya wenyeji ya neno lao la kombe. Hii nataka nikae nayo, kwa sababu ni rahisi kuliko zote na ndani yake mna siri yote ya lesi.

Kila tundu la lesi huzaliwa kwa kuzungusha uzi juu ya sindano. Ule mzunguko, ukiurudia kwenye safu inayofuata, unakuwa kitanzi kipya. Maana yake kila ukitoboa umeongeza. Ukitoboa mara 50 bila kufanya kingine, una vitanzi 50 ambavyo hukuvialika. Kwa hiyo kila tundu lina deni: mahali fulani katika safu hiyohiyo ni lazima ufume vitanzi viwili pamoja viwe kimoja. Kujaa na kupwa. Maji yanayojaa huku yamekupwa kwingine. Hayajaongezeka baharini, yamehama.

Sasa swali la fundi ni hili: deni unalilipia wapi? Ukilipa papo hapo, kitanzi cha pili tu baada ya tundu, kitambaa kinabaki kimenyooka, matundu yamejipanga kama kichujio. Ukichelewa kulipa, kitambaa kinapinda. Na hapo ndipo Old Shale ilipoingia. Nakshi yake inarudiwa kila vitanzi 18, kwa safu nne tu. Safu ya kwanza unafuma yote kwa mbele. Ya pili, unaporudi, unafuma yote kwa nyuma. Ya tatu ndiyo yenye kazi: viwili pamoja mara tatu, kisha zungusha uzi, fuma kimoja, zungusha uzi, fuma kimoja, hadi umefanya hivyo mara sita, kisha viwili pamoja mara tatu. Ya nne, japo uko upande wa mgongo, unafuma yote kwa mbele, na hiyo ndiyo inayoinua tuta dogo usoni mwa kitambaa, kama yale matuta ya mchanga.

Hesabuni nami. Vitanzi sita vimekuwa vitatu, sita vya katikati vimekuwa 12, sita vya mwisho vimekuwa vitatu. Tatu, 12, tatu: 18. Deni limelipwa. Lakini limelipwa pembeni, huku matundu yote yamekaa katikati. Katikati pana watu wengi wanasukumana, panavimba kwenda chini. Pembeni pamebanwa, panavutwa juu. Safu uliyoifuma ikiwa imenyooka kama rula inajipinda yenyewe ikawa wimbi, na ukingo wa chini wa shali unatoka na mapindo bila wewe kukata wala kushona. Hakuna aliyechora wimbi pale. Wimbi limetokana na hesabu, kama lile la baharini linavyoinuka ufuoni kwa maji kubanwa na kina kinachopungua.

Mara ya kwanza kuiona hali hiyo ikitokea sindanoni niliwaita watu wa nyumbani waje waone. Hawakuona kitu. Nyinyi mngeona.

Jambo jingine la kujua ni mlalo. Ukifuma vitanzi viwili pamoja kwa njia ya kawaida, cha juu kinalalia kulia. Ukivihamisha kimoja kimoja kwanza kisha ukavifuma pamoja kwa nyuma yake, kinalalia kushoto. Ukifuma vitatu kuwa kimoja na cha katikati kikakaa juu, mstari unasimama wima. Watu wengi wanaoanza hawajali, wanasema si vimepungua tu? Vimepungua, ndiyo, lakini macho yanafuata mlalo kuliko yanavyofuata tundu. Mistari ya mbavu za kombe ni ile ya vitatu kuwa kimoja. Ile alama ya wimbi inayokwenda ikipinda kulia kisha kushoto inatokana na matundu kukaa upande mmoja na mapunguzo upande wa pili, katikati yao vitanzi vya kawaida, halafu mpango unageuzwa. Ukikosea mlalo mmoja tu, mkondo unakatika pale, na kila anayetazama atasema "kuna kitu" bila kujua ni nini.

Sasa nije kwenye shali langu la pili, nilivyolipanga.

Nilichagua pembetatu inayoanzia shingoni kwenda chini. Unaanza na vitanzi vichache tu, kisha kila safu mbili unaongeza vinne: kimoja kila ukingo, na viwili katikati, huku na huku ya uti wa mgongo wa shali. Langu lilikuwa na safu 200, kwa hiyo safu ya mwisho ilikaribia vitanzi 400. Hapo pana mtego ambao umewaliza wengi. Ukifika safu ya 100 unasema, alhamdulillahi, nusu. Si nusu. Safu za mwanzo ni fupi. Ule mraba wa hesabu unasema umefuma vitanzi kama 10,000, na shali zima ni kama 40,000. Umemaliza robo. Uzi nao ni robo. Na zile safu 20 za mwisho, ambazo kwa idadi ni sehemu moja ya kumi, zinakula karibu moja ya tano ya uzi wote. Basi anayebaki na kijifundo cha uzi huku amebakiza safu 20 asijidanganye kwamba zimebaki chache. Apime kwa mizani ya jikoni kila mara. Mimi napima kila jioni.

Juu, penye shingo, niliweka mchanga mkavu: kufuma kwa kawaida, bila tundu. Wenzangu waliniambia pamepooza. Hata ufuo umepooza hapo juu, maji hayafiki. Jicho linahitaji mahali pa kupumzika kabla halijafika kwenye povu, tena shingoni ndipo shali linapokunjwa na kusuguliwa, matundu hapo ni kuyatafutia balaa.

Kisha yakaja matuta, safu moja moja ya mgongo inayoinuka kila baada ya safu kadhaa. Niliyapanga kwa nafasi zisizolingana, mbili, tano, tatu, nne, kwa sababu maji hayatembei kwa rula. Katikati ya matuta nikatoboa vijishimo vya kaa, viwili hapa, kimoja pale, si zaidi ya kumi kwa shali zima.

Halafu mawimbi, Old Shale yenyewe. Kuyaingiza kwenye pembetatu kuna ufundi kidogo, maana wimbi linataka vitanzi 18 na shali linakua kidogo kidogo. Kila nusu ya shali hupata vitanzi viwili kwa kila safu mbili: kimoja ukingoni, kimoja karibu na uti wa mgongo. Baada ya safu 36, yaani mizunguko tisa ya nakshi, kila upande una vitanzi 36 vipya, na hapo unaweza kukaribisha mawimbi mawili huku na mawili kule. Hadi siku hiyo ifike, vile vya ziada vinafumwa kawaida na kusubiri. Usiwe na haraka ya kuvilazimisha kuwa nusu wimbi. Nimeona mashali yenye nusu wimbi. Yanafanana na mtu aliyekatizwa katikati ya sentensi.

Na chini kabisa povu: matundu makubwa, uzi umezungushwa mara mbili badala ya moja, karibu hakuna kitambaa. Shali linapaswa kuwa jepesi linavyoshuka, mpaka mwisho wake usijue limekomea wapi.

Kuna walioniuliza kuhusu ushanga. Ushanga unapendeza, nao una uzito. Ukiweka punje 600 ukingoni, shali litavutika kwenda chini na matundu ya povu yatakuwa mipasuko. Niliweka 38 tu, za kioo kisicho na rangi, pale mapindo ya wimbi yanapokutana, nikiingiza kila moja kwenye kitanzi chake kwa kulabu nyembamba ya krosheti wakati wa kufuma. Mchana hazionekani. Mtu akigeuka mbele ya taa ndipo zinaonekana, kama mchanga uliolowa. Kama ungependa kitu kinachoinuka badala ya kinachong'aa, wako wafumaji wa Haapsalu, mji wa pwani nchini Estonia, wenye vifundo vyao: kitanzi kimoja unakizalisha vitanzi vitano au saba, safu inayofuata unavifunga vyote kuwa kimoja, kinabaki kijivimbe laini. Hakuna kinachofanana zaidi na konokono wadogo waliong'ang'ania mwamba. Ila fuma vile vitanzi saba vikiwa vimelegea sana, la sivyo safu ya pili sindano haitapita na utasema maneno ambayo sitayataja hapa mbele ya wakubwa.

Uzi wangu ulikuwa sufu tupu, gramu 100 zenye mita kama 800, rangi ya mchanga uliopitiwa na maji sasa hivi, na sindano za milimita 4. Najua sindano hizo ni nene kwa uzi mwembamba hivyo. Ndivyo inavyotakiwa, sindano ambayo ungefumia sweta kwa uzi huo ingefunga matundu yote. Kwa nini sufu? Kwa sababu inakumbuka. Ukiilowesha ukaivuta ikakaukia hivyo, inabaki hivyo. Hariri kidogo ndani yake inaongeza mng'ao na mteremko. Pamba ni tulivu lakini haina mnyumbuko, na shali kubwa la pamba hulegea kwa uzito wake lenyewe. Akriliki, ule uzi wa kiwandani usio wa mnyama wala mmea, haisikii maji hata kidogo: ukiloweka, ukavuta, ukakausha, ukitoa pini inarudi ilikokuwa. Inataka mvuke, na mvuke ukizidi imekufa, haitarudi tena. Kwa shali la kwanza sikushauri.

Nilisema la kwanza halipo tena. Nililifumua.

Lugha yetu imetufanyia hisani hapa. Kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua, kufuma na kufumua. Silabi moja tu katikati. Seremala akikata ubao vibaya, ubao umekwenda. Mpishi akizidisha chumvi, imezidi. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini mfumaji anayazoa: anavuta mwisho wa uzi na miezi mitatu inarudi kuwa uzi, umejikunjakunja kidogo, ukiulowesha unanyooka. Ule wa rangi tano nililifumua shali lote kwa jioni mbili. Niliufanya soksi. Sijatania niliposema zingependeza.

Lakini kufumua lesi katikati ya kazi ni shughuli nyingine. Sweta ukivuta safu mbili, vitanzi vinakungoja vimekaa. Lesi ukivuta, ile mizunguko ya uzi inatoweka, yale mapunguzo yanafunguka mawili mawili, na hujui tena kipi kilikuwa kitanzi na kipi kilikuwa hewa. Dawa yake ni uzi wa uokozi. Chukua uzi mwembamba laini wa rangi tofauti, usio na manyoya, utie kwenye sindano ya kushonea, uupitishe ndani ya vitanzi vyote vilivyo sindanoni, kwenye safu ya kurudi ambayo haina nakshi. Uache hapo, endelea kufuma. Ukiharibu baadaye, unafumua hadi pale na vitanzi vyote vinakuta kamba ya kushika. Mimi naweka mmoja kila mizunguko mitano ya wimbi. Nilipokuwa kijana nilidhani ni woga. Halafu usiku mmoja, safu ya 163, kitanzi kimoja kikachomoka nikiwa nazungumza na mtu, kikashuka safu 11 kabla sijakiona. Tangu hapo sijadhani tena.

Kufunga vitanzi nitapita haraka. Msifunge kwa kubana. Ukingo ukibana, mapindo yote tuliyoyapigia hesabu hayatatoka, na shali litakuwa na mdomo wa mfuko. Fuma viwili pamoja, rudisha kile kimoja kwenye sindano ya kushoto, fuma tena viwili pamoja, hivyo hivyo hadi mwisho, kwa sindano nene zaidi kidogo. Inachosha. Vitanzi 400 kwa mtindo huo vilinichukua jioni nzima.

Na sasa sehemu niipendayo kuliko zote.

Shali la lesi likitoka sindanoni ni kitu cha kusikitisha. Limejikunyata, matundu yamefumba, mawimbi yamekuwa makunyanzi. Linafanana na tambi zilizoiva kupita kiasi. Kuna watu wametupa mashali yao siku hiyo, nina hakika, wakidhani wamekosea. Hawakukosea, walikuwa hawajamaliza. Shali la bahari ni lazima liende majini.

Jaza beseni maji ya uvuguvugu, tia sabuni laini kidogo ukipenda, lizamishe, liache nusu saa. Usilisugue na usilikamue kwa kulisokota. Nywele za sufu zina magamba madogo yasiyoonekana. Maji moto na msuguano huyafanya yashikane, na yakishashikana una zulia. Liinue kwa mikono miwili kama unavyombeba mtoto, maana likiwa limelowa linaweza kujivuta lenyewe. Litandaze kwenye taulo, kunja taulo na shali pamoja kama jamvi, kanyaga juu yake. Kisha litandaze mahali tambarare palipo safi na uanze kuchoma pini zisizoshika kutu. Kwanza uti wa mgongo unyooke. Kisha ukingo wa juu. Kisha kila pindo la wimbi linavutwa kwa pini yake, moja moja, chini kabisa.

Hapo ndipo linapofunguka. Mnavuta pini ya kwanza na wimbi la kwanza linafumbua macho. Langu liliingia majini likiwa na sentimita 130 kwa ukingo wa juu, likakaukia kwenye pini likiwa na 175. Matuta yakainuka, vijishimo vya kaa vikafunguka, na lile povu nililolifuma kwa wasiwasi likawa kama halipo kabisa. Nilikaa sakafuni kando yake mpaka usiku, magoti yananiuma, nikirudi kusogeza pini hii nusu sentimita, ile nusu sentimita. Binti yangu akapita tena mlangoni. Safari hii hakuuliza ni ramani ya wapi. Alivua viatu kwanza, akaja akapiga magoti, akasema, "Maji yametoka sasa hivi tu."

Usitoe pini kabla halijakauka kabisa. Kabisa maana yake kesho yake.

Basi, limo humu kapuni, nitalitoa lipite mkononi kwa kila mtu, kuanzia safu ya mbele hadi kwa wale kina baba wa mlangoni. Lishikeni, livuteni kidogo, liinueni kwenye mwanga muone ushanga. Penye uti wa mgongo, karibu na safu ya 163, kuna kitanzi kimoja kilicholegea kuliko wenzake; atakayekiona aniambie. Ila tafadhali, wenye pete za vito wazivue kwanza.